Kadi ya Benki Ikiibwa: Kudai Fedha na Kulinda Jina la Mhazini

Hotuba ya Idara ya Akiba na Mikopo kwa semina ya wahazini na kamati za parokia. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.



Mada hii haikuwemo kwenye ratiba ya kwanza ya semina. Wahazini wenyewe ndio walioiomba, baada ya kusikia habari za wenzao walioibiwa kadi za benki na fedha zikatolewa hata kabla hawajafika nyumbani. Tulipowauliza wangependa tuzungumzie nini hasa, swali lilikuwa moja: fedha hizo zinarudi, au hazirudi?

Tunajibu kwamba zinarudi wakati mwingine, zote au sehemu yake. Kinachoamua mara nyingi ni saa uliyotoa taarifa na karatasi ulizonazo mkononi. Huruma ya meneja wa tawi ni jambo jema, lakini hairudishi fedha.

Jana jioni mmoja wa wageni wetu alituuliza kwa nini benki isirudishe tu fedha za watu. Tunaelewa swali hilo linatoka wapi. Kwao Uingereza, kwa kanuni za huduma za malipo za mwaka 2017, mteja aliyeibiwa kadi kwa kawaida habebi zaidi ya pauni 35 za hasara iliyotokea kabla hajatoa taarifa, isipokuwa kama amefanya udanganyifu au uzembe mkubwa. Marekani wana sheria ya tangu mwaka 1978. Mteja akitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu alipojua kwamba kadi imeibwa, mzigo wake hauzidi dola 50. Akichelewa, unaweza kufika dola 500. Na akikaa kimya zaidi ya siku 60 tangu alipopelekewa taarifa ya akaunti inayoonyesha wizi huo, hasara inayotokea baada ya hapo inaweza kuwa yake yote. Kwa hiyo hata huko wenzetu wanahesabiwa saa na siku.

Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, na zipo Kanuni za Benki Kuu za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019, ambazo zinaitaka benki iwe na utaratibu wa kupokea malalamiko ya wateja na kuyashughulikia. Lakini karatasi ya kwanza kutazamwa wizi unapotokea ni mkataba uliotia sahihi siku ulipochukua kadi. Ni wangapi humu ndani wanao mkataba huo nyumbani? Tunaona mikono mitatu. Mikataba mingi tuliyoipitia ina kifungu kinachosema kwamba hasara ya kabla ya taarifa ni ya mteja, na ya baada ya taarifa ni ya benki. Kifungu hicho kikisomwa harakaharaka kinaonekana kama kimeandikwa kumkomoa mteja. Kisome tena, utaona kinakupa haki pia. Tangu dakika ile uliposema "fungeni kadi yangu", kila shilingi inayotoka ni ya kuulizwa benki.

Tuwape shauri moja tulilolifuatilia sisi wenyewe. Parokia hatutaitaja, wala benki.

Kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 17 kilikuwa kinatunza fedha katika akaunti ya mhazini wake, mama mmoja fundi cherehani. Akaunti ya kikundi ilikuwepo, lakini ilihitaji sahihi za watu watatu, na mmoja wa watu hao alikuwa amehamia mjini. Wakakubaliana kikaoni, kwa maandishi, kwamba fedha zikae kwa mama huyu. Jumamosi moja saa 11 jioni alikwenda kwenye mashine ya ATM kuchukua fedha za mkopo wa mwanachama. Mashine ikasumbua. Kijana aliyekuwa nyuma yake akamwambia, "Mama, ngoja nikuelekeze," akaichukua kadi, akaifuta kwenye shati, akaichomeka, na mama akabonyeza namba yake ya siri huku kijana akitazama. Mashine ikakataa. Mama akarudishiwa kadi, akaondoka akidhani mtandao uko chini.

Saa 3 usiku, akiwa nyumbani, aliitoa kadi akaona jina lililoandikwa juu yake si lake. Alipiga simu huduma kwa wateja papo hapo. Akaeleza. Mhudumu akamwambia, "Tumeandika, Mama, Jumatatu fika tawini."

Taarifa ya akaunti ilionyesha hivi. Kati ya saa 12 na saa 1 jioni zilitoka shilingi 400,000, tena 400,000, kisha 200,000. Hapo kiwango cha kutoa kwa siku, ambacho kilikuwa shilingi milioni moja, kikawa kimekwisha. Mwizi hakurudi nyumbani kulala. Alisubiri saa 6 usiku, tarehe ikabadilika, kiwango kikaanza upya, na dakika chache baadaye akatoa milioni nyingine kwa mtindo uleule. Ndiyo maana wezi wa kadi wanapenda jioni kuliko asubuhi: wanapata siku mbili ndani ya usiku mmoja. Mlioibiwa jioni, msiseme "nitakwenda kesho".

Hasara nzima ilikuwa milioni mbili. Milioni ya kwanza ilitoka kabla ya simu ya saa 3, ya pili ilitoka baada yake.

Benki ilijibu barua yake ya kwanza kwa mistari miwili: namba ya siri sahihi ilitumika, na hakuna kumbukumbu ya simu yoyote iliyopigwa usiku huo. Mama huyu hakuwa amepewa namba ya kumbukumbu ya taarifa yake, wala hakujua kwamba alitakiwa kuiomba. Kilichomwokoa ni kampuni ya simu. Alikwenda na kitambulisho chake, akapewa orodha ya simu alizopiga siku ile, ikiwa na muhuri, na pale palionekana namba ya huduma kwa wateja ya benki, saa 3 na dakika 4 usiku, mazungumzo ya dakika 7. Mtu haongei na benki dakika 7 usiku wa Jumamosi kuuliza hali ya hewa. Baada ya miezi minne na barua tano, benki ilirudisha milioni ya pili pamoja na makato yake.

Milioni ya kwanza haikurudi. Tulipoomba picha za kamera ya mashine ile wiki ya sita, tuliambiwa kamera huhifadhi kwa muda na kisha picha mpya hufuta za zamani. Jibu hilo halikuturidhisha, lakini picha hazikuwepo tena.

Ndugu zangu, katika miezi hiyo minne fedha hazikuwa jambo zito kuliko yote. Lililokuwa zito ni maneno. Wiki ya pili tu palikuwa na watu waliosema mama amekula fedha za kikundi na kadi ni kisingizio. Mwanachama mmoja alipendekeza cherehani yake ichukuliwe iuzwe. Watoto wake waliulizwa njiani. Tunawaambia haya kamati za parokia kwa sababu hapo ndipo kazi yenu ilipo. Benki inamwambia mhazini, "Namba ya siri ilitumika, kwa hiyo ni wewe." Kikundi nacho kikisikia jibu la benki kinasema, "Hata benki imesema ni yeye." Mtu mmoja anaibiwa mara moja na kushtakiwa mara mbili.

Mwenyekiti wa jumuiya yake alifanya mambo mawili ambayo hayakumgharimu kitu. Alitoa kitabu cha mihutasari, akawasomea wanachama kikao kile walichoamua wenyewe, wakatia sahihi wote 17, kwamba fedha zikae kwa mama huyu. Pili, kila alipokwenda benki au polisi, mjumbe mmoja alikwenda naye, akarudi na kueleza alichosikia. Minong'ono haikwisha kabisa, ila ilipungua. Mwisho wa mwaka kikundi kilikubali kubeba milioni ile ya kwanza kwa pamoja kutoka kwenye gawio. Wanachama wawili hawakupenda, wakajitoa.

Turudi kwenye neno hili "namba ya siri ilitumika", maana mtalisikia. Namba ya siri inaonyesha kwamba fulani alibonyeza tarakimu sahihi. Haionyeshi fulani huyo ni nani, wala tarakimu alizipataje. Na msidhani jibu hilo ni la hapa kwetu tu. Mwaka 1992 askari polisi mmoja wa kijiji karibu na Cambridge, Uingereza, alirudi likizo akakuta fedha zimetolewa mara sita kwenye akaunti yake, jumla pauni 460. Akalalamika. Waliotunza fedha zake wakasema mtambo wao haukosei, na badala ya kurudishiwa fedha akafikishwa mahakamani kwa kujaribu kujipatia fedha kwa udanganyifu. Mwaka 1994 akatiwa hatiani. Askari polisi, jamani! Kwenye rufaa upande wake uliomba mtaalamu wao naye aruhusiwe kuukagua mtambo huo. Wenye mtambo wakakataa, mahakama nayo ikakataa kuupokea ushahidi wa mtambo ambao upande mmoja hauruhusiwi kuuona, na mwaka 1996 akaachiwa huru. Mtaalamu aliyemsaidia alikuwa Profesa Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge, ambaye amefariki mwaka 2024. Mwaka 1993 alikuwa ameshaandika kwamba wizi mwingi wa kwenye mashine hizi haukutokana na watu wenye akili za ajabu za kuvunja siri, bali makosa ya kawaida ya uendeshaji na usimamizi.

Hatusemi kila benki ni mwongo. Benki nazo hupata wateja wanaotoa fedha wenyewe kisha wakadai wameibiwa, na sisi tunaowakopesha watu tunajua mambo hayo yapo. Tunachosema ni kwamba jibu hilo lisiwe mwisho wa mazungumzo. Uliza kwa maandishi: mashine gani, saa ngapi, kadi ilisomwa kwa chipu au kwa utepe mweusi wa sumaku ulio nyuma, na picha za kamera ziko wapi? Swali la chipu lina maana yake. Utepe wa sumaku ni rahisi kunakiliwa. Mwizi hubandika kifaa kidogo kwenye mdomo wa mashine, nawe unaondoka na kadi yako salama mfukoni huku nakala yake ikiwa imeshatengenezwa. Chipu ni ngumu sana kunakili hivyo. Kama kadi yako ina chipu na kumbukumbu zinaonyesha fedha zilitolewa kwa utepe, una hoja yenye nguvu kwamba iliyotumika haikuwa kadi yako. Makampuni ya kadi yenyewe, Visa na Mastercard, yaliweka kanuni, Ulaya tangu 2005 na Marekani tangu 2015, kwamba upande uliokuwa haujaweka chipu ndio unaobeba hasara ya kadi bandia.

Wizi wa intaneti ni mwingine tena. Huko mwizi hahitaji namba ya siri ya ATM. Mara nyingi namba ya mbele ya kadi, tarehe ya mwisho, na zile tarakimu tatu za nyuma zinamtosha. Mtu akinunua kitu ng'ambo kwa kadi yako, benki yako inaweza kudai fedha zirudi kutoka benki ya muuzaji kupitia kampuni ya kadi, lakini dai hilo lina muda wake, kwa kawaida siku 120. Wahazini wanaosoma taarifa ya akaunti mara moja kwa robo mwaka, wakati wa kuandika ripoti ya mfadhili, wahesabu wenyewe wanabakiwa na siku ngapi.

Basi mtu afanye nini? Kwanza simu. Namba ya huduma kwa wateja imeandikwa nyuma ya kadi, na kadi ndiyo imekwenda, kwa hiyo iandikeni kwenye daftari nyumbani na kwenye ubao wa ofisi ya parokia. Ukipiga usisimulie sana. Sema: nataka kadi ifungwe sasa hivi. Usikate simu mpaka uambiwe imefungwa, na uandike jina la mhudumu, saa, na namba ya kumbukumbu. Kama simu imeibwa pamoja na kadi, azima ya jirani, ufunge na laini yako pia, maana ujumbe wa benki na huduma za benki kwa simu vinapitia laini hiyo.

Kisha polisi, siku hiyohiyo ikiwezekana, uchukue namba ya RB. Eleza kwamba umeibiwa. Wengi husema "nimepoteza kadi" kwa kuona aibu ya kudanganywa, wakapewa taarifa ya upotevu wa mali, na karatasi hiyo haisemi popote kwamba palikuwa na mwizi.

Baada ya hapo barua kwa meneja wa tawi, nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Andika kila fedha iliyotoka, tarehe, saa na kiasi, na utenganishe zilizotoka kabla ya simu yako na zilizotoka baada yake. Omba picha za kamera zihifadhiwe; ombi hilo liwe kwenye barua ya kwanza, lisingoje ya tatu. Omba uelezwe kadi ilifungwa saa ngapi kwenye mtambo wao. Uliza utajibiwa lini. Mhudumu akikuambia kwa mdomo, andika barua fupi ya kumkumbusha alichosema.

Benki ikikataa, au ikikaa kimya kupita siku ilizoahidi, ipo Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ilianzisha dawati la kushughulikia malalamiko ya wateja wa mabenki mwaka 2015. Hawapokei shauri ambalo halijapita kwanza kwenye benki yenyewe. Ndiyo maana tunasisitiza nakala zenye muhuri. Mahakama ipo pia, ila ni njia ndefu na ya gharama.

Kuna waliotuuliza kuhusu bima ya amana. Bima hiyo hulipa benki inapofungwa, ambapo kiwango kilikuwa shilingi 1,500,000 kwa miaka mingi na sasa ni shilingi 7,500,000 kwa mteja. Kadi iliyoibwa haihusiki nayo.

Na jihadharini na mwizi wa pili. Habari za wizi zikienea, hupigwa simu: "Tunatoka kitengo cha kurejesha fedha, tutajie namba ya siri tukamilishe muamala," au "tuma ya kufungulia jalada kwenye namba hii." Hakuna kitengo kinachohitaji namba yako ya siri. Aliyetangulia kuibiwa ndiye rahisi kuibiwa tena, kwa sababu ana hamu kubwa ya kusikia habari njema.

Sasa tuseme la kamati. Fedha za kikundi au za mradi zisikae kwenye kadi ya mtu binafsi, hata akiwa mtakatifu. Tunajua kwa nini inatokea: watia sahihi wanahama, tawi liko mbali, nauli ni kubwa. Mtia sahihi akihama, badilisheni ndani ya mwezi huo, na idara yetu itawasaidia barua. Ikibidi mhazini abebe kadi kwa muda, muhutasari uandikwe, kiasi kiwekewe ukomo, na kiwango cha kutoa kwa siku kishushwe. Benki nyingi hukubali mteja akiomba. Mama yule angekuwa na kiwango cha shilingi 200,000, mwizi angepata laki nne tu, jioni na usiku vikijumlishwa.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi. Mradi ukipatwa na wizi wa aina hii, mtatumiwa ripoti ndani ya siku saba ikiwa na namba ya RB na nakala ya barua ya benki. Tunaomba muisubiri benki imalize uchunguzi kabla hamjadai mhazini aondolewe. Akiondolewa mapema hakuna wa kulifuatilia shauri, maana benki huzungumza na mwenye akaunti peke yake.

Mfano wa barua kwa meneja wa tawi tumeuchapa, nakala ziko kwa katibu pale mlangoni, mbili kwa kila parokia. Upande wa nyuma kuna nafasi ya kuandika namba za simu za benki yenu. Zijazeni leo kabla hamjaondoka.  Maswali tuanze na wenzetu wanaotoka mbali, kwa kuwa basi lao linaondoka saa 9.